Msiba Usio na Tarehe: Dada Aliyebaki katika Riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah

1.0 Utangulizi

Kwa ada za Waislamu wa Pwani ya Afrika Mashariki, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Jamaa wengine wa marehemu huomboleza siku tatu. Hesabu zote mbili huanzia kifo. Dada ambaye kaka yake amepotea vitani hana siku ya kuanzia. Makala hii inahakiki riwaya ya Afterlives (2020) kwa kumtazama dada wa namna hiyo, Afiya. Hoja yake ni kwamba pendo jipya halimalizi msiba wake, bali linaupa makazi.

2.0 Hatia

Ilyas alitoweka kwao angali mtoto, akasomeshwa na misheni ya Kijerumani. Anaporejea ukubwani anamkuta mdogo wake akitumikishwa nyumbani kwa waliomlea. Anamchukua na kumfundisha kusoma na kuandika. Kisha anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani na kumrudisha kwa watu walewale. Huko Afiya anapigwa hadi mkono unavunjika, kwa kosa la kujua kuandika. Aliyemwokoa ndiye aliyemtupa. Kumlaumu mtu ambaye huenda amekufa ni kumkosea marehemu. Kumsamehe ni kukiri kuwa hatarudi. Riwaya inamwacha Afiya katikati ya mawili hayo, naye ananyamaza.

3.0 Pendo na Jina

Hamza, atakayemwoa, aliitumikia bendera ileile. Yeye amerudi na jeraha, kaka hakurudi. Gurnah halifanyi pendo lao kuwa dawa. Linakua polepole kwa maneno machache, baina ya watu wawili wanaojua kuachwa. Mtoto wao anaitwa Ilyas. Kumrithisha mtoto jina ni kumuenzi aliyetangulia, lakini hapa haijulikani kama mwenye jina ametangulia. Kijana anapozungumza kwa sauti ya mwanamke anayemtafuta Ilyas, na mganga akaitwa, haitoshi kulisoma tukio hilo kama picha ya imani za pepo tu. Mtoto anauliza swali ambalo mama amelimeza kwa miaka.

4.0 Jibu la Nyaraka

Jibu linapatikana Ujerumani, baada ya miongo mingi: mjomba alifia katika kambi ya Sachsenhausen, na mwanawe alimfuata huko kwa hiari. Kisa hiki kinakaribiana na cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari mtoto wa zamani, aliyefia kambini humo mwaka 1944. Faraja inayobaki ni kwamba aliyepotea alipendwa na mtu hadi mwisho. Hata hivyo, sura za mwisho zinakwenda mbio mno. Afiya, aliyengoja kuliko wote, anapokea habari bila kupewa nafasi ya kuijibu, na hatia iliyojengwa kwa makini inafungwa na taarifa ya mtafiti.

5.0 Hitimisho

Udhaifu huo wenyewe unafundisha. Kumbukumbu za askari zimehifadhiwa mbali na familia zao, tena kwa lugha ambazo wengi wao hawazisomi. Sera ya urejeshaji wa mali za kale itakuwa nusu iwapo itadai vinyago na mafuvu pekee, ikasahau majina na tarehe. Familia iliyopata tarehe inaweza kusoma khitma; isiyo nayo huendelea kurithisha swali.