Nasaba ya Nyara: Sinema ya "The Train" na Picha Zilizoporwa Paris

Nyara ni mali iliyotwaliwa vitani. Neno hili lataja tendo la mtwaaji, wala halisemi lolote juu ya yule aliyetwaliwa. Upungufu huo wa neno ndio pia upungufu mkubwa wa sinema iitwayo "The Train", iliyoongozwa na John Frankenheimer na kutolewa mwaka 1964. Sinema hiyo yasifiwa sana, nayo yastahili sifa. Lakini mtazamaji atakaye kujua picha zile zilizopakiwa garini zilikuwa za nani, ataitazama tangu mwanzo hata mwisho asipate jibu.

Kisa chake si kirefu. Ni mwezi wa Agosti 1944, na majeshi ya Mataifa ya Muungano yanakaribia Paris. Kanali wa Kijerumani, von Waldheim, mpenzi mkubwa wa sanaa, ataka kuzipeleka Ujerumani picha bora zilizohifadhiwa katika jumba la Jeu de Paume. Mlinzi wa picha hizo, Bibi Villard, awaendea wafanyakazi wa reli walio katika upinzani wa siri na kuwaomba wazuie garimoshi. Labiche, mkubwa wao, akataa kwanza, kwa kuwa watu wake wamekwisha kufa wengi. Baadaye aingia katika kazi hiyo hatua kwa hatua, mpaka mwisho abaki peke yake akikabiliana na kanali.

Katika ufundi, sinema hii ina mengi ya kufundisha. Vyombo vyake ni vya kweli: vichwa vya garimoshi vinavyogongana ni chuma hasa, na jasho la mafundi ni jasho hasa. Dereva mzee, Papa Boule, atia sarafu katika njia ya mafuta ili mtambo uharibike, naye alipa kwa roho yake. Wafanyakazi wabadilisha majina ya stesheni usiku, na Wajerumani wadhani wanakwenda kwao, kumbe gari lazunguka na kurudi lilikotoka. Hapa hila ya mnyonge yashinda nguvu ya mwenye bunduki, kama ilivyo katika hadithi za sungura na fisi, na mtazamaji hana budi kufurahi.

Chini ya vitendo hivi pana mjadala, na ndio unaoipa sinema uzito wake. Villard ashika kwamba picha zile ni fahari ya taifa la Ufaransa. Waldheim ashika kwamba uzuri ni wa yule mwenye macho ya kuuona, na kwamba fundi wa reli hana haki nao. Labiche hasemi mengi, lakini mwisho wa sinema wasema kwa ajili yake: maiti za mateka waliopigwa risasi zimelala kando ya reli, na makasha yametawanyika karibu yao, mtazamaji apime mwenyewe kipi kilikuwa na thamani. Hoja hizi tatu ni nzito. Hata hivyo zote tatu zaliruka swali lililotangulia yote, nalo ni swali la mwenye mali.

Makasha yale ya mwisho ndiyo ushahidi. Yameandikwa majina makubwa ya wachoraji, kama Renoir na Cézanne. Jina la mwenye picha halimo. Katika historia mambo hayakuwa hivyo. Tangu mwaka 1940 jumba la Jeu de Paume lilikuwa ghala la idara ya Kinazi iliyoongozwa na Alfred Rosenberg. Idara hiyo ilikusanya humo zaidi ya vitu 20,000 vya sanaa, ambavyo kwa sehemu kubwa vilinyang'anywa Wayahudi wa Ufaransa. Waporaji waliviandika kwa utaratibu wa karani mwema. Kitu cha ukoo wa Rothschild kilipewa herufi R na nambari yake, na pale mwenyewe asipojulikana ziliandikwa herufi UNB, kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya "hajulikani". Mwizi mwenyewe, basi, alimtaja mwenye mali. Sinema iliyotungwa ili kumlaani mwizi ndiyo iliyomfuta.

Kosa hili lazidi kuwa zito kwa sababu sinema ilikuwa na chanzo kizuri. Ilitokana na kitabu cha Rose Valland, "Le Front de l'art", kilichochapishwa mwaka 1961. Valland, binti wa mhunzi, alibaki kazini Jeu de Paume miaka yote minne ya uvamizi. Alikielewa Kijerumani, naye akaficha kwamba anakielewa. Alisikiliza, akasoma karatasi, na kila alichoweza kukiandika akakiandika kwa siri: kitu gani, cha nani, kinapelekwa wapi. Habari zake ndizo zilizowaongoza Wamarekani mpaka ngome ya Neuschwanstein huko Bavaria, yalikofichwa makusanyo mengi kutoka Ufaransa. Wahenga wa Kiswahili wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maisha ya mwanamke huyu ni tafsiri kamili ya methali hiyo. Sinema yamgeuza kuwa Villard, ambaye atoa ujumbe wake na kutoweka ili wanaume wapigane. Daftari limeachwa, bunduki imeshikwa.

Garimoshi lenyewe lilikuwako. Tarehe 1 Agosti 1944 makasha 148 ya picha yalipakiwa katika mabehewa matano, na Valland akapeleka habari kwa wakubwa wake. Gari halikufika mbali. Sababu mojawapo ni ucheleweshaji wa wafanyakazi wa reli, na nyingine ni tamaa ya Wajerumani wenyewe, kwani mabehewa mengine yalingojea kujazwa samani zilizotolewa katika nyumba za Wayahudi. Tarehe 27 Agosti kikosi cha Wafaransa Huru kilililisimamisha karibu na Aulnay. Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa Alexandre Rosenberg, mtoto wa Paul Rosenberg, mwuza picha mashuhuri wa Paris aliyekimbilia New York mwaka 1940. Kijana huyu alipofungua makasha alikuta humo picha za baba yake.

Huenda mtetezi wa sinema akasema kwamba mtunzi si mwandishi wa historia, na kwamba ana ruhusa ya kubadili. Ruhusa hiyo anayo. Hakuna wa kumlaumu Frankenheimer kwa migongano ambayo haikutokea, wala kwa kumzua Labiche. Lakini mabadiliko ya mtunzi hupimwa kwa kile yanachokiongeza. Askari afunguaye kasha na kukuta picha iliyokuwa ukutani kwao, na samani za watu wasiojulikana waliko zikiwa behewa la pili, ni tukio lenye msiba na hukumu kuliko lo lote lililobuniwa. Kulitupa hakukuongeza sanaa; kulipunguza ukweli na sanaa pamoja.

Tena jibu la Villard, kwamba picha ni za taifa, halikubaki katika sinema. Baada ya vita vitu vipatavyo 60,000 vilirudishwa Ufaransa kutoka Ujerumani, na vipatavyo 45,000 vikarudi kwa wenyewe au warithi wao. Vingi vya vilivyosalia viliuzwa na serikali, na karibu 2,000 viliwekwa katika majumba ya makumbusho vikingoja wa kuvidai. Miaka mingi walitazamiwa wenyewe waje, ilhali wengi wao walikuwa wameuawa. Ni baada ya Mkutano wa Washington wa mwaka 1998, ambapo nchi 44 zilikubali kanuni za kutafuta asili ya mali hizo, ndipo wajibu wa kutafuta ulipoanza kuwaelemea wenye kuzishika. Ufaransa ilipitisha sheria ya kurahisisha urudishaji mwaka 2023.

Picha moja yatosha kuonyesha kazi ilivyo. Mwaka 1937 Matisse alichora mwanamke mwenye vazi la samawati mbele ya meko. Paul Rosenberg aliihifadhi picha hiyo katika benki ya Libourne, nayo ikaporwa mwaka 1941 na kupelekwa Jeu de Paume. Yapata mwaka 1950 Niels Onstad, tajiri wa meli wa Norway, aliinunua Paris bila kujua iliyopita, na baadaye ikawa katika jumba la sanaa alilolianzisha yeye na mkewe karibu na Oslo. Mwaka 2014 jumba hilo liliirudisha kwa warithi. Kilichoirudisha ni karatasi: kumbukumbu za ukoo kwa upande mmoja, na za waporaji kwa upande wa pili.

Jambo hili halikuishia Ulaya. Katika Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin mna silaha na vitu vingine vilivyotwaliwa katika Vita vya Maji Maji, 1905–1907, na wataalamu wa Tanzania na Ujerumani wamekuwa wakivitafutia historia yake. Huko mara nyingi daftari lilihifadhi jina la afisa aliyeleta kitu, si jina la aliyenyang'anywa. Aliyeandikiwa UNB Paris alikosa jina. Wa Ungoni na Umatumbi mara nyingi hakuandikiwa hata kwamba hajulikani.

Kwa hiyo "The Train" yafaa kutazamwa, na yafaa kufundishwa, lakini ifundishwe pamoja na kitabu kilichoizaa. Waungwana wa pwani hawakumpokea mgeni kabla ya kumwuliza nasaba yake: mwana wa nani, wa mji gani. Kitu cha sanaa kilichopita vitani chastahili kuulizwa vivyo hivyo, na anayepaswa kujibu kwanza ni yule aliye nacho.