Mguu wa Kushoto

Ukitaka kumjua dereva, mwangalie anapopunguza mwendo. Barabara ikiwa tupu, kukimbiza gari kila mtu anaweza. Kulituliza gari la gia za mkono bila abiria kurushwa mbele ni ufundi, na mimi nauhesabu miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo miguu ya binadamu imejifunza.

Kazi yenyewe haizidi sekunde moja au mbili. Gari liko gia ya nne, injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa giaboksi nyingi za magari madogo, mwendo huohuo katika gia ya tatu unadai mizunguko kama 2,800. Dereva asiyejali huachia klachi ghafla, na sahani ya klachi ndiyo inayolipa tofauti: inasuguana, inapata moto, gari linashtuka. Fundi hukanyaga klachi, huingiza tatu, na kabla mguu wa kushoto haujaachia, wa kulia umeshagusa mafuta kidogo. Injini inanguruma na kupanda, klachi inaachiwa, pande mbili zinakutana zikiwa na mwendo mmoja. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma haamki.

Wazee wa kazi walifanya zaidi ya hapo. Kabla Cadillac haijaleta, mwaka 1928, giaboksi inayosawazisha mwendo wa meno yenyewe, kupunguza gia kulitaka klachi ikanyagwe mara mbili: kutoka gia, kupiga mafuta ukiwa frii, ndipo kuingia. Malori mazito yaliendelea kudai hivyo miaka mingi baadaye, na kipimo kilikuwa sikio.

Kwenye tambarare, sikubaliani na wanaopangua gia moja baada ya nyingine hadi taa nyekundu. Pedi za breki ni rahisi kubadili. Klachi hadi ushushe giaboksi. Funga breki gari likiwa kwenye gia, na klachi uikanyage mwishoni, injini inapokaribia kutetemeka.

Mlimani mambo ni mengine. Kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, barabara ya Tanzania na Zambia inateremka Kitonga kwa kona za kubana, mwamba upande huu, bonde upande ule. Hapo hupita malori ya shaba yanayokwenda bandari ya Dar es Salaam, na sheria inaruhusu uzito wa hadi tani 56. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Joto likizidi, ngoma hutanuka na lainingi hupoteza mshiko. Gari dogo nalo lina hatari yake: mafuta ya breki ya DOT 3 yakishavuta unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi, mvuke ukaingia kwenye mabomba, na pedeli ikazama hadi sakafuni.

Ndiyo maana anayejua kazi huchagua gia huku juu, kabla ya kona ya kwanza, na kanuni ya zamani ni kushukia gia ambayo ungepandia. Ukiachia pedeli ya mafuta, injini ya petroli hufungiwa njia ya hewa; pistoni huvuta hewa isiyopatikana, nazo zinalishika gari. Ya dizeli haina kizuizi hicho, kwa hiyo lori hufungiwa egzosi breki, kizibo kinachobana moshi usitoke. Breki za miguu hukanyagwa kwa nguvu, zikaachiwa zipoe.

Wanaoshuka frii husema wanabana mafuta, na hilo huniuma. Kwenye injini za kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia, mafuta hukatwa kabisa. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizimike. Aliyeshuka Kitonga hivyo amebaki na breki peke yake, mzigo wote unamsukuma, na gia anayoitafuta haiingii tena kwa sababu mwendo umeshaizidi.