Alama za Saketi na Lugha Yetu: Uhakiki wa Maktaba ya KiCad

Baadhi ya wasomaji wa jarida hili watashangaa kuona idara ya Kiswahili ikihakiki maktaba ya michoro ya umeme badala ya riwaya au diwani. Tunawaomba watuvumilie. Tangu Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya pili, idara yetu imekuwa ikilalamika kwamba kazi za sayansi haziletwi kwetu. Mwaka jana zililetwa. Chama cha wanafunzi wa elektroniki hapa chuoni kilituomba tuwatafsirie kijitabu cha miradi midogo kwa ajili ya vilabu vya shule za sekondari. Tulikitafsiri kwa furaha, na tukakosea. Uhakiki huu unatokana na kosa hilo.

Kilichotupata

Mradi wa kwanza kijitabuni ulikuwa taa ya usiku, yaani taa ndogo ya LED inayojiwasha yenyewe giza linapoingia. Vifaa vyake ni vichache: betri, kihisi cha mwanga, rezista mbili, na transista moja ambayo kazi yake hapa ni kuwa kama swichi. Mchoro ulitaja transista aina ya 2N3904. Shule moja haikuipata madukani, na muuzaji akawapa BC547 akisema kwamba inafanya kazi ileile. Muuzaji hakudanganya, katika saketi nyepesi kama hii moja huweza kushika nafasi ya nyingine. Tatizo ni kwamba miguu yao mitatu haikupangwa sawa. Ukiishika 2N3904 upande wake bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kuanzia kushoto utahesabu emita, beisi, kolekta. Ukiishika BC547 vivyo hivyo, utahesabu kolekta, beisi, emita.

Kijitabu chetu kilisema: "Chomeka transista kama mchoro unavyoonyesha." Sentensi hiyo ilipita mikononi mwa wahariri watatu, na kisarufi haina doa. Wanafunzi waliitii. Waliweka upande bapa palipochorwa upande bapa, wakalehemu, wakazima taa ya darasa. Baadhi ya taa zao ziliwaka kwa unyonge na nyingine hazikuwaka kabisa. Mwalimu wao, akidhani kwamba betri zimekwisha nguvu, alinunua nyingine kwa fedha zake. Dawa ilikuwa kuigeuza transista tu, upande bapa utazame upande wa pili, lakini hakuna ukurasa wetu uliosema hivyo.

Kulikuwa na malalamiko mengine pia. Rezista ilichorwa kama kisanduku katika ukurasa mmoja na kama mstari wa kupinda-pinda katika mwingine, kwa sababu michoro ilitoka katika vitabu viwili. Na sisi watafsiri tuliongeza chumvi kwenye kidonda: kifaa hichohicho tulikiita rezista, kikinza na kipinga-umeme. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama anatakiwa kununua vifaa vitatu au kimoja.

Lugha mbili za alama

Mchoro wa saketi ni maandishi. Una msamiati wake, yaani alama za vifaa, na una sarufi yake, yaani namna mistari inavyokutana au kupishana. Una lahaja vilevile. Kisanduku cha rezista kinafuata kiwango cha IEC 60617 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, chenye nguvu zaidi Ulaya. Mstari wa kupinda-pinda unafuata desturi ya Marekani iliyowekwa katika kiwango cha IEEE 315 cha mwaka 1975. Lango la mantiki la "na" huandikwa na IEC kama mraba wenye alama ya & ndani yake; Wamarekani hulichora kwa umbo linalofanana na herufi D.

Hitilafu ya lahaja peke yake haitutishi sisi watu wa Kiswahili, tuliozoea mijadala kuhusu Kiunguja, Kimvita na Kingwana. Kinachotutatiza ni kwamba IEC 60617 huuzwa. Anayetaka kuisoma yenyewe, na si kusimuliwa na kitabu kingine, hana budi kulipia. Tunaelewa kwamba kutunza viwango kuna gharama. Hata hivyo, kwa klabu ya shule isiyo na bajeti hata ya betri, kiwango cha kulipia ni kama kamusi iliyofungiwa kabatini huku mwanafunzi akitakiwa asikosee tahajia. Matokeo yake ni yale yaliyotupata: kila mtu ananakili alama kutoka kitabu alichokipata.

Maktaba yenyewe

Katika kutafuta njia ya kusahihisha kijitabu ndipo wanafunzi wa elektroniki walipotuonyesha KiCad. Hii ni programu huria ya kuchora saketi na kusanifu bodi zake. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, aliyekuwa mwalimu huko Grenoble, Ufaransa. Kuanzia mwaka 2013 kituo cha utafiti cha CERN kilianza kuchangia maendeleo yake. Kituo hichohicho kilikuwa kimetoa, mwaka 2011, leseni ya CERN OHL kwa ajili ya watu wanaotaka kuweka wazi michoro ya vifaa vyao ili wengine wavitengeneze na kuviboresha.

Tunachokihakiki hapa si programu nzima bali maktaba yake ya alama, pamoja na kanuni zinazoiongoza. Mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Leseni yake ni ya Creative Commons, inayotaka mwandishi atajwe na marekebisho yatolewe kwa masharti yaleyale; lakini kuna msamaha ulioandikwa wazi kwamba mtu akitumia alama hizo katika mchoro wake, mchoro huo unabaki wake na halazimiki kuutoa kwa leseni hiyo. Ni sawa na kusema kwamba kamusi ni ya wote, ila insha uliyoiandika kwa maneno yake ni yako.

Ubora wake

Kwanza, kanuni zimeandikwa na zinafafanuliwa. Miguu ya alama hutakiwa kukaa juu ya gridi ya mili 100, ambayo ni milimita 2.54, ili mistari ikutane bila kuachana kwa unywele. Umeme chanya huingilia juu, na ardhi hukaa chini. Kwa kawaida viingizo hukaa kushoto na vitoleo kulia. Kwa hiyo chipu ya 555, kipima muda ambacho wapenzi wa elektroniki wamekitumia tangu miaka ya 1970, haichorwi kama ilivyo mkononi, miguu minne huku na minne kule. Mguu namba 8 hupelekwa juu kwa sababu unapokea umeme, na namba 1 hushushwa chini kwa sababu ni ardhi. Mchoro unasomwa kwa maana, si kwa umbo la kifaa.

Pili, maktaba haikuficha lahaja. Rezista ya kisanduku inaitwa R, na ile ya kupinda-pinda inaitwa R_US. Mwanaleksikografia ataitambua mbinu hii mara moja: umbo moja limefanywa la kawaida, na jingine limebaki kamusini likiwa na kitambulisho cha linakotoka. Hakuna aliyefutwa, na hakuna anayebaki gizani kuhusu lipi ni lipi.

Tatu, na hili ndilo lililotugusa zaidi, alama za 2N3904 na BC547 ni mbili ingawa umbo lake ni moja. Katika ya kwanza, emita ni mguu namba 1 na kolekta ni namba 3. Katika ya pili, kolekta ni namba 1 na emita ni namba 3. Mwanafunzi akibadilisha alama kwenye mchoro na kuisasisha bodi, programu itajua kwamba mistari imehama. Sentensi yetu ya Kiswahili haikujua. Tulidhani "kama mchoro unavyoonyesha" inatosha, kumbe mchoro wa saketi huonyesha nini kimeungana na nini; ni namba za miguu zinazosema kila kimoja kinakaa wapi.

Upungufu wake

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Maktaba imeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari. Ina maelfu ya alama, na hakuna mlango wa anayeanza. Zimo transista za jumla zisizo na jina la kiwandani, zinazotofautishwa kwa mpangilio wa herufi tatu tu mwishoni mwa jina: EBC, CBE, BCE. Kwa mhandisi herufi hizo zinasema yote. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili hazina tofauti na namba ya gari, atachagua yoyote, na tutarudi palepale penye betri za mwalimu.

Upungufu wa pili ni wa lugha. Kanuni za maktaba zinataka majina na maelezo yaandikwe kwa Kiingereza. Sababu yake tunaielewa, kwani hazina moja haiwezi kuandikwa kwa lugha mia. Lakini uhuria una ngazi tatu: kuruhusiwa kusoma, kuweza kusoma, na kuweza kusahihisha. Leseni inatoa ya kwanza bila ubishi. Ya pili na ya tatu haziwezi kutolewa na leseni. Mwanafunzi asiyeelewa maelezo ya alama hataona kosa lake, wala hatapeleka pendekezo la kulirekebisha, hata kama mlango uko wazi usiku na mchana.

Upungufu wa tatu ni kwamba alama haionekani kama kifaa. Programu nyingine huria, Fritzing, iliyozaliwa katika chuo kimoja huko Potsdam, Ujerumani, huonyesha picha ya ubao wa majaribio na kifaa chenyewe kikiwa kimechomekwa. Anayeanza huipenda kwa haki. Picha hiyo, hata hivyo, humfundisha kunakili saketi moja, si kusoma nyingine. Tungependekeza picha kwa siku ya kwanza na alama kuanzia siku ya pili.

Sehemu yetu

Lawama kubwa hatuiweki kwa KiCad. Kazi ya kumfikisha msomaji wa Kiswahili kwenye maana ya alama ilikuwa yetu, nasi tuliifanya kwa pupa. Katika toleo jipya la kijitabu tumekubaliana mambo manne.

La kwanza, kila kifaa kitakuwa na jina moja tu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tumechagua rezista, kwa sababu ndilo jina wanafunzi watakalolitaja dukani na kueleweka. Kikinza kitatajwa mara moja katika faharasa.

La pili, hatutatafsiri herufi za vitambulisho. Baadhi ya wenzetu walipendekeza kwamba R1 iwe K1, kwa ajili ya kikinza. Uzalendo huo una hasara, kwani kwenye michoro K tayari ni kitambulisho cha rilei. Mwanafunzi wetu angesoma mchoro wa mwenzake wa Kigali au Nairobi na kuona rilei mahali pa rezista. Kiswahili kikae katika maelezo, na herufi za mchoro zibaki za wote.

La tatu, thamani zitaandikwa 4k7 badala ya 4.7k. Mtindo huu umo katika viwango vya kimataifa, na faida yake inajulikana na kila aliyewahi kutumia fotokopi ya ofisini: nukta hupotea, na 4.7 ikageuka 47. Herufi haipotei kirahisi.

La nne, chini ya kila mchoro wenye transista kutakuwa na picha ya miguu yake na sentensi inayosema: "Ukipewa aina nyingine, hakiki miguu yake kwanza." Ni sentensi ndefu kidogo kuliko ile ya mwanzo, lakini ingeokoa betri.

Hitimisho

Ikumbukwe kwamba njia hii si ngeni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu chanzo cha programu kilikuwa huria, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Maktaba ya KiCad inatupa nafasi ya namna hiyohiyo. Hatusemi kwamba tuitafsiri yote. Tunasema kwamba tuandike faharasa ya alama hamsini za mwanzo, kwa Kiswahili kimoja kisichoyumba, tuitoe kwa leseni ileile ya maktaba, na tuiache wazi isahihishwe na mafundi wanaoshika vifaa hivyo kila siku.

Faharasa hiyo haitakamilishwa na watu wa lugha peke yao; kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafunzi wa elektroniki wamekubali kukaa nasi kila jumamosi ya mwisho wa mwezi, wao wakiwa na vyuma vya kulehemu na sisi tukiwa na kalamu. Kazi ya kwanza ni taa ileile ya usiku, kwa BC547. Safari hii kila mhariri atailehemu yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi kwenye ukurasa.