Valvu ya Redio Iliyofanywa Msafiri

Wachezaji wa jiokachingi, yaani mchezo wa kuficha chombo mahali fulani na kuwaachia wengine hesabu za setilaiti ili wakitafute, wana desturi ya kutia chomboni alama ya safari: kitu kidogo kilichofungwa kibati cha alumini chenye namba isiyofanana na ya kingine chochote, ambacho mwenye kukipata hukiandikisha katika intaneti, akakichukua, kisha akakiacha katika chombo kingine mbele ya njia yake, na hivyo kikazunguka dunia kwa mikono ya watu wasiojuana. Mchezo wenyewe ulianza tarehe 3 Mei 2000 huko Oregon, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yaliyokuwa yakiwafikia raia. Tangu hapo kibati kimoja kimepanda hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwaka 2008, na namba nyingine ya jinsi hiyo imo katika gari la Perseverance lililotua Mirihi mwaka 2021.

Alama ninayoichambua hapa haina makuu hayo. Ni valvu ya redio ya zamani, ya namna ya DAF91, iliyokusudiwa kuanza safari Bukoba na kupita Muleba kabla ya kwenda mbali. Na nimeona inafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu aliyeitengeneza ametambua sifa moja ya valvu ambayo wengi hawaitambui, nayo ni kwamba valvu hujitolea ushahidi yenyewe juu ya namna ilivyobebwa.

Kuichagua Bukoba kuna maana. Zama za utawala wa Wajerumani mji huu ulikuwa na kituo cha simu ya upepo, na kituo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta Waingereza kuvuka ziwa kutoka Kisumu, wakaushambulia mji tarehe 22 na 23 Juni 1915 na kukiharibu. Mitambo ya siku zile aghalabu ilirusha mawimbi kwa cheche za umeme. Valvu ilikuwa ingali changa, imebuniwa na John Ambrose Fleming mwaka 1904 na kutiwa gridi na Lee de Forest miaka miwili baadaye. Ilipoanza redio ya Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, valvu ilikuwa imekwisha kukomaa, na kwa vijiji visivyokuwa na umeme, vya Kamachumu na Rubya na kwingineko, redio iliyofaa ilikuwa ya betri, ambayo valvu zake zilibuniwa kwa ubahili mkubwa wa umeme.

DAF91 ni ya ukoo huo, na jina lake lasomeka kama anwani. D yamaanisha kwamba uzi wake wa moto hutaka volti 1.4 tu, A, kwamba ndani mna dayodi, F, kwamba mna pentodi vilevile, na tarakimu ya 9 yatambulisha kitako kidogo cha kioo chenye miguu saba. Kipenyo chake hakizidi milimita 19, kwa hiyo huingia hata katika chombo chembamba ambamo mwanasesere hawezi kukaa.

Sasa nije kwenye ule ushahidi. Kichwani mwa valvu, upande wa ndani wa kioo, pana doa la rangi ya fedha. Hilo ni bariamu, iliyofukizwa kiwandani hewa ilipokwisha kunyonywa, ili ikamate gesi yoyote iliyosalia au itakayotoka katika metali miaka ijayo. Kioo kikipata ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hewa huingia, bariamu huungana nayo, na ile fedha hugeuka nyeupe ya maziwa, wala hairudi tena. Basi namba ya kibati husema alama imepita wapi, na doa husema imepita salama au la. Na mtu yeyote, ajue redio au asijue, aweza kulisoma.

Lakini sifa hiyo haina faida ikiwa fundi mwenyewe ataiua valvu mezani, na njia ya kuiua ndiyo iliyo rahisi kuliko zote: kuutia lehemu mnyororo wa kibati kwenye mmoja wa miguu. Mguu una unene wa milimita 1 tu, nao umepenya moja kwa moja katika kioo. Moto wa lehemu hukimbilia hapo upande mmoja na kukikaza kioo bila usawa, na baadaye kila mvuto wa mnyororo huupinda mguu palepale. Udhaifu wa valvu uko hapo, na katika ile ncha ya juu ambako kioo kilizibwa, kuliko katika ubavu wake ambao watu huuogopea bure.

Aliyeitengeneza hii amekwepa hatari zote mbili kwa kutumia vifaa vya redio yenyewe. Ametwaa kiti cha valvu, kile chenye matundu saba duarani na pengo mahali pa la nane, pamoja na kifuniko cha alumini kilichokuwa kikiikinga na mawimbi ya nje. Ndani ya kifuniko mna springi inayokaa mabegani mwa valvu, ikiizunguka ncha bila kuigusa, na kuikandamiza kitini isicheze. Na juu pana tundu ambalo doa huonekana kupitia kwake. Kiti kina masikio mawili ya skrubu. Mnyororo umepitishwa katika sikio moja, na uzito wote wa kibati unabebwa na chuma, kioo hakijui habari yake. Sijaona mpango uliokuwa madhubuti kuliko huu, wala hakuna kilichoongezwa ambacho mhandisi wa miaka ya hamsini asingekitambua.

Jambo moja silikubali. Kati ya kitako na kiti ametia gundi ya epoksi, kwa hofu, nadhani, ya valvu kuchomolewa na wadadisi. Gundi hiyo imefunika mzunguko wa miguu, mahali hasa ambapo ufa huanzia, na imemfungia mtu njia ya kuitoa valvu ili aipime. Springi ilitosha.

Kipimo nacho kina adabu yake. Uzi wa moto hupimwa kati ya mguu wa 1 na wa 7, ili kujua kama umekatika. Nao umeumbwa kuchukua ampia 0.05 tu, hivi kwamba mita ya zamani ya mshale, ikiwekwa kipimo cha chini cha omu, yaweza kupitisha umeme zaidi ya huo na kuuunguza uzi uliokuwa mzima. Mita ya dijitali haina hatari hiyo. Na kwa atakayetaka kuiga kazi hii, valvu zenye gesi za kusawazisha volti ni bora ziachwe kabisa, kwa kuwa baadhi yake zilitiwa chembe ya madini yenye mnururisho.

Ama hali ya nchi, Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo hushambulia miguu na springi kabla ya kitu kingine. Mtu angependa kuivika alama hii gome la mti, ambalo ni vazi la heshima la Wahaya, lakini gome hunywa maji na kukaa nayo. Soli ya ndala kuukuu, iliyochongwa shimo la kipimo chake, hainywi maji na huvumilia mtikisiko wa pikipiki. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni takriban nusu ya digrii kuelekea kusini, yaani kilomita 55 au zaidi kidogo kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni migomba na mibuni. Majani mabichi na mazito hupunguza nguvu ya mawimbi ya setilaiti, basi mwenye kuficha chombo achague ukingo wa jabali au uwazi wa kando ya njia, kwa idhini ya mwenye kibanja, asije mtafutaji akakanyaga shamba la mtu kwa kosa la mita chache.

Karatasi inayofuatana na alama imeandikwa maneno ya shukrani tu. Ningeiongezea ombi moja: kwamba mwenye kuipata atazame kwanza tundu la kifuniko, kisha aandike pamoja na namba rangi ya doa aliyoiona, na akiikuta nyeupe asiitupe, aipeleke mbele vilevile, kwa kuwa maandishi ya waliotangulia yatakuwa yamekwisha kuonyesha ni kati ya chombo kipi na kipi hewa iliingia.