Usiku wa Wafu, Mara Hii kwa Picha Safi

Night of the Living Dead ya George A. Romero ilitoka mwaka wa 1968, na kwa miaka mingi iliishi kwa nakala chafu. Msambazaji alipobadilisha jina lake, tangazo la hakimiliki likaondoka pamoja na jina la zamani. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu ikawa mali ya umma. Yeyote mwenye mashine akanakili, akauza kanda. Nakala ya nakala, hadi nyuso zikawa madoa.

Wapo wanaosema afadhali vile, eti ukungu ule ndio uliotisha. Nimeirudia kwenye diski ya Criterion ya 2018, iliyotokana na ukarabati wa Museum of Modern Art na The Film Foundation, na mimi nakataa.

Hebu tazama uso wa Duane Jones. Ndiye Ben, mwanamume Mweusi aliyejifungia na Wazungu sita katika nyumba ya shambani Pennsylvania. Kwenye kanda alikuwa kivuli kinachopigilia misumari. Hapa unamwona anavyompima Harry Cooper kabla ya kumjibu. Wanagombana: wajifiche juu au chini? Kinachouma ni kwamba Cooper, mwoga na mkali, ndiye aliyekuwa na hoja. Ben anaokoka usiku ule ndani ya chumba kilekile cha chini alichokikataa.

Kisha kunakucha. Raia wenye bunduki wanamwona dirishani, wanamdhania mfu, wanampiga risasi. Hapo picha zinaganda, zinajaa chengachenga kama za gazeti: wanaume wenye kulabu, mwili wake, kuni, moto.

Kwenye nakala chafu filamu nzima ilikuwa chengachenga, kwa hivyo mwisho huu ulipita tu. Kwenye diski, saa moja na nusu ya picha safi inageuka ghafla kuwa habari ya magazetini, na unashtuka: kumbe Romero alikusudia. Filamu ilipigwa kabla ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968, ikafika kwa watazamaji Oktoba. Hawakuhitaji kufafanuliwa.

Wafu wale wanaojikokota siwaogopi tena. Wenye kulabu nawaogopa zaidi, kwa sababu sasa naona nyuso zao, na wametulia kabisa. Ukiipata, usizime majina yakianza kupita.