Pongezi kwa Wachora Ramani Wanaoiheshimu Sifuri

Wachora ramani za takwimu wanastahili pongezi ambazo ni nadra kuwafikia. Tangu Charles Dupin alipoipaka Ufaransa vivuli mwaka 1826 kuonyesha tofauti za elimu, swali lao ni lile lile: rangi moja iishie wapi, nyingine ianzie wapi?

Ugumu huzidi sifuri zinapojaa. Tuseme ramani ya kipindupindu ina wilaya 100, na 60 hazina mgonjwa hata mmoja. Ukizipanga katika mafungu matano ya wilaya 20 kila fungu, matatu ya kwanza ni sifuri tupu: rangi tatu kwa hali moja. Ukigawa kwa vipimo sawa, na wilaya inayoongoza ina wagonjwa 500 kwa kila watu 100,000, fungu la kwanza litaanzia 0 hadi 100. Hapo wilaya yenye wagonjwa 80 itafanana na ile iliyo salama.

Fundi hodari huitenga sifuri kwanza na kuipa rangi yake. Ndipo huzigawa wilaya 40 zilizobaki, akifuata mapengo ya asili ya takwimu, njia inayohusishwa na Mmarekani George Jenks. Kama zipo wilaya zisizoleta taarifa, huzipaka kijivu, maana kukosa taarifa si kukosa wagonjwa.

Kwa ramani ya namna hiyo, mganga mkuu hujua dawa zitangulie wapi. Wahariri na wakuu wa idara, wapeni mafundi hawa muda wa kuzisoma takwimu kabla ya kuwadai ramani.