Kabati Limejaa, Jicho Halijashiba



Akaaye Magamba, huku juu ya mji wa Lushoto, hujua namna mbili za ukungu. Upo ukungu wa asubuhi, ushukao kutoka msituni ukafunika mashamba. Huo jua likipanda huondoka wenyewe. Na upo ukungu wa pili, uingiao kabatini kimya kimya ukashika nguo, vitabu na viatu vya ngozi. Huo hauondoki ila kwa mkono wa mtu. Mimi nilidhani santuri zangu za picha zimesalimika na huo wa pili. Kumbe sivyo. Mjomba wangu alipopanda kutoka Tanga kuja kututazama, alifungua kabati, akatoa santuri moja, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, kisha akaniuliza: "Hizi zote, mwanangu, umekwisha kuzitazama?"

Nikaona haya kumjibu kwa kukisia, nikazihesabu. Zilikuwa 163. Nilizozitazama zilikuwa 92. Zile 71 zilikuwa bado zimo katika nailoni zake, kama zilivyotoka dukani.

Yafaa nieleze ni picha za namna gani, ili msomaji asinidhanie mengine. Sisemi juu ya picha za ngumi na bastola. Nasema juu ya zile ziitwazo picha za sanaa: kazi za Satyajit Ray wa Bengali, za Ousmane Sembène wa Senegal, za Abbas Kiarostami wa Iran. Ni picha za mwendo wa taratibu, zimtazamazo binadamu kama jirani amtazamavyo jirani. Hazikuletwa sana katika majumba yetu ya senema. Mjomba, aliyekulia Tanga siku za Majestic na Novelty, aliona picha za Kihindi mpaka akajua nyimbo zake kwa moyo. Na picha ikiisha wiki yake mjini, ilikwenda zake, mtu akabaki nayo kifuani. Baadaye zikaja kanda za video, kisha dividii, na tangu mwaka 2006 hizi ziitwazo Blu-ray. Hapo ndipo mtu wa mlimani kama mimi alipoweza kuwa na senema yake kabatini.

Basi neema hii ina mtego ndani yake. Huko Marekani iko kampuni iitwayo Criterion, iliyoanza mwaka 1984, nayo ni kama mnara kwa watu wenye mapenzi haya. Kila mwezi hutangaza picha itakazotoa yapata miezi mitatu mbele. Wako na wengine wafanyao hivyo. Apendaye mambo haya huishi siku zote katika kungoja: orodha ya mwezi huu haijapoa, ya mwezi ujao inanukia. Kinachofika hupoteza ladha siku ile ile kifikapo, kwa kuwa jicho limekwisha kutangulia kwa kile ambacho hakijafika.

Nami nilionja uchungu wake. Santuri moja niliingoja miezi minne, ikateremshwa Dar es Salaam, ikapanda basi mpaka Mombo, ikapandishwa hata hapa. Nilipoitia katika deki, deki ikaikataa. Santuri hizi zimewekewa alama za sehemu za dunia. Dividii ya Marekani ni ya sehemu ya kwanza, nasi huku tumewekwa katika ya tano, basi deki ya hapa haiisomi ya kule. Mwenye akili angalijifunza. Mimi nikanunua deki nyingine isomayo za kila upande, nikaagiza tena santuri tatu.

Sura ya Takathur watoto wetu huihifadhi chuoni wangali wadogo. Jina lake peke yake latosha kuwa onyo: kushindana kwa wingi. Nilikuwa nikidhani yamhusu mwenye majumba na mashamba. Sikudhani kwamba yaweza kumfikia mtu mwenye kabati moja.

Usiku ule mjomba akasema, "Haya, ifungue moja katika hizo 71, tuitazame sote." Mkono wangu ukaangukia picha ya Kiarostami ya mwaka 1987, iulizayo nyumba ya rafiki iko wapi. Ni ya kwanza katika picha tatu za kijiji cha Koker, katika milima ya Gilan, kaskazini mwa Iran, ambazo Criterion ilizitoa pamoja mwaka 2019. Tukatandika mkeka, watoto wakajifunika mablanketi, tukaanza.

Habari yake ni ndogo. Mtoto Ahmad arudi nyumbani na kugundua kwamba amechukua kwa makosa daftari la mwenzake. Mwalimu amekwisha kuapa kwamba yule mwenzake akija tena bila ya kuandika katika daftari lake atafukuzwa shule. Ahmad ataka kulirudisha, lakini mwenzake akaa kijiji kingine, nyuma ya kilima. Amwambia mama yake, mama yuko katika shughuli za nguo na mtoto mchanga, amjibu "andika masomo yako." Amwambia tena; jibu ni lile lile. Basi atoroka, akapanda njia ya kilima ipindayo huku na huku. Watoto wangu wakapiga kelele, "Hii si Magamba hii?"

Babu yake amwona, amtuma sigara ilhali sigara anazo mfukoni, ili tu amfunze kutii. Mzee fundi wa milango amfuata kumwonyesha njia, lakini mwendo wake ni wa kizee na maneno yake ni mengi, na mtoto kwa adabu apunguza hatua, na usiku waingia. Nyumba haipati. Hatimaye arudi kwao, akaandika kazi ya mwenzake katika daftari la mwenzake, na asubuhi mwalimu akalifunua na kulipitisha. Ndani lina ua dogo alilopewa na yule mzee.

Mjomba akasema, "Lakini kamdanganya mwalimu." Ni kweli, na hapa ndipo picha hii ilipo nzito. Mtengenezaji hakumsifu mtoto wala hakumlaumu. Ametuonyesha mtoto aliyebeba amana siku nzima, akiwaomba wakubwa wamsaidie kuifikisha, na kila mkubwa ana jambo lake. Ukitaka kumhukumu mtoto kwa lile la mwisho, sharti kwanza uwahukumu wakubwa kwa yale yaliyotangulia. Tena Kiarostami hakuwafanya wabaya: mama amechoka, mzee ni mpweke. Hawamchukii mtoto. Hawamsikii tu.

Binti yangu wa miaka tisa akacheka, akasema, "Huyu mama ni kama baba."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwamba wiki iliyopita alinijia mara tatu na jambo la kuniambia, nami nikisoma orodha ya picha za miezi ijayo, nikamwambia ngoja. Nikamwuliza, "Jambo gani, mwanangu?" Akafikiri, akasema, "Nimesahau."

Ndugu msomaji, jambo hilo mpaka leo silijui. Picha iliyotaka kunionya juu yake ilikuwamo ndani ya nyumba yangu, imefungwa.

Hata hivyo sisemi tuzichome santuri. Kuhifadhi ni kazi njema. Mwezi wa Juni 1990 tetemeko liliangusha vijiji vya upande ule wa Gilan, wakafa watu zaidi ya 35,000. Kiarostami akaenda kuwatafuta watoto wale, na safari hiyo akaifanyia picha ya pili mwaka 1992. Koker ya zamani yaonekana leo ndani ya picha. Na sisi je? "Fimbo ya Mnyonge" ya mwaka 1976, iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu ya Tanzania, nimeitafuta sana nisiipate. "Arusi ya Mariamu" ya 1985 wangapi wanaijua? "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Wajukuu wetu wataipata wapi? Katika santuri zangu 163 za Kiswahili zilikuwa nne.

Basi nimejiwekea masharti. Sinunui mpya mpaka zile 71 zitazamwe, na zitazamwe pamoja na watu wa nyumbani. Jirani akitaka kuazima, aazimwe. Za kwetu zitangulie za mbali. Na kila wiki kabati lipanguswe, kwani santuri ni karatasi nyembamba ya madini ndani ya plastiki, na unyevu ukipata tundu huila.

Na orodha ya mwezi ujao, naisoma watoto wakiisha kulala.

Wabillahi tawfiq.